Kichwa Kilikwenda Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuweka Kumbukumbu za Vichwa vya Dizeli Vilivyostaafu Reli ya Tanga

Vichwa vya mvuke vina watu wa kuvililia. Garratt namba 5918, iliyopewa jina la mlima wetu wa Gelai, imetulia kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na waliowahi kuipiga picha hawahesabiki. Kichwa cha dizeli kikistaafu hakina mwenyewe. Kinasukumwa njia ya pembeni, kinachomolewa vipuri kimoja baada ya kingine, nyasi zinapanda hadi madirishani, halafu siku moja hakipo. Ukiuliza utaambiwa "kilikatwa", mwingine atasema "kilivutwa Morogoro", wa tatu "kiliuzwa", na kila mmoja anasema kwa yakini kabisa.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye Tanga au kandokando ya reli yake anayetaka kuacha rekodi ambayo mwanahistoria wa miaka hamsini ijayo ataweza kuiamini: mwalimu, mwanafunzi, mstaafu wa reli, au mtu tu anayependa garimoshi. Kanuni inayotawala yote yafuatayo ni hii: andika kilichoonekana, nani alikiona, lini na kwa ushahidi gani. "Hakipo" na "kilikatwa" ni taarifa mbili tofauti. Rekodi nyingi za vichwa huharibika pale mtu anapoziunganisha kuwa moja.

Kabla ya kwenda uwanjani: jua historia ya njia na ya herufi

Ujenzi wa reli ulianzia Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na Arusha 1929. Kwa kazi yetu mwaka muhimu zaidi ni 1963, ilipofunguliwa njia ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu. Tangu hapo kichwa kilichofia Tanga kingeweza kuvutwa hadi karakana kubwa ya Morogoro bila kushuka relini. Upande wa kaskazini kulikuwa na njia ya Kahe kwenda Voi, iliyoingia Kenya. Kwa hiyo usidhani kichwa kisichoonekana Tanga kimeishia Tanga. Huenda mwili wake uko Morogoro na karatasi zake ziko Nairobi.

Herufi zilizopakwa ubavuni nazo zina historia yake. EAR&H (Reli na Bandari za Afrika Mashariki) ilianza 1948, na mwaka 1969 reli ikatengana na bandari ikabaki EAR. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 likazaliwa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ukaenda kwa TRL, kampuni iliyokuwa na ubia na RITES ya India, na miundombinu ikawa chini ya RAHCO. Sheria ya Reli ya 2017 ikarudisha vyote kwenye TRC mpya. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kichwa chenye herufi TRC kinaweza kuwa kimepakwa rangi kabla ya 2007 au baada ya 2017. Usiandike mwaka kwa kuangalia herufi peke yake. Tafuta rangi ya chini inapobanduka kwenye pembe za milango na chini ya ngazi. Ukiona damu ya mzee chini ya rangi nyingine, kuna uwezekano mkubwa unatazama chuma cha enzi za EAR.

Mali za EAR ziligawanywa baina ya Kenya, Uganda na Tanzania, na makubaliano ya mwisho yalitiwa saini 1984. Kati ya 1977 na mwaka huo vitu vingi vilibaki pale vilipokutwa. Ukiona orodha mbili za miaka hiyo zinagongana, usiharakishe kuifuta mojawapo. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kila moja kwa nchi yake.

Kichwa kimoja, namba nne

Kwenye fomu yako tumia "kichwa" kwa chombo kizima na "mtambo" kwa injini ya dizeli iliyo ndani yake. Ukiandika "injini" kwa vyote viwili, baada ya mwezi hutajua ni namba ya nini uliyonakili.

Namba ya kwanza ni ya ubavuni, iliyopakwa rangi. Ndiyo inayoonekana haraka na ndiyo inayodanganya haraka. Vichwa vya English Electric, kampuni ya Uingereza, vilivyoletwa EAR kuanzia 1960 viliitwa kundi la 90, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 namba zikabadilishwa vikawa kundi la 87. Mzee anayezungumzia "tisini" na karatasi inayotaja "themanini na saba" wanaweza kuwa wanazungumzia chuma kilekile. Tena, milango na paneli zenye namba huhamishwa kutoka kichwa kimoja kwenda kingine karakana inapobanwa na uhaba wa vipuri. Si ajabu kukuta ubavu wa kushoto una namba moja na wa kulia una nyingine.

Namba ya pili ni ya mtengenezaji, iliyo kwenye bati lililofungwa mwilini, mara nyingi chini ya dirisha la dereva au kwenye fremu. Hii haibadiliki hata chombo kikibadilishiwa namba mara tatu, hivyo ndiyo kitambulisho chake halisi. Angalia mtego wa mabati ya English Electric yaliyotengenezwa Vulcan Foundry: bati moja lina namba mbili, ya English Electric na ya Vulcan inayoanza na herufi D. Nakili zote mbili kama zilivyo, na mstari wa mkwaju baina yake. Anayenakili moja humfanya msomaji wa baadaye adhani ni vichwa viwili.

Namba ya tatu ni ya mtambo, na ya nne ni zile zilizogongwa kwenye bogi (fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa), ekseli na mota za kuvutia (mota za umeme zinazozungusha magurudumu). Hivi vyote hubadilishwa na kuhamishwa, kwa hiyo havithibitishi utambulisho wa kichwa. Faida yake ni nyingine. Ukiandika namba ya mota iliyokutwa ndani ya kichwa kilichokufa, na mwingine akaandika namba hiyohiyo chini ya kichwa kinachofanya kazi, mmeshaonyesha vipuri vilikokwenda.

Ruhusa na usalama

Yadi ya reli na bandari ya Tanga ni maeneo yanayolindwa. Huingii na kamera kwa kuwa mlinzi ni jirani yako. Andika barua kwa uongozi wa TRC Tanga. Taja jina lako, lengo, siku unazotaka, vichwa unavyotaka kuvitazama, na ahadi ya kuwapa nakala ya picha zote. Ahadi hiyo ndiyo inayofungua milango, kwa sababu karakana zenyewe mara nyingi hazina picha za mali zake. Ukishapata kibali, ripoti kwanza kwa stesheni masta au formeni wa zamu kila unapofika, na uondoke kwa kuaga. Beba nakala mbili za barua, maana moja itabaki mlangoni.

Chombo kilichosimama miaka ni hatari kuliko kinachotembea, kwa kuwa hakuna anayekiogopa. Mabamba ya sakafu huwa yameondolewa na shimo limefunikwa na majani. Insulesheni ya zamani kwenye mabomba ya moshi na kwenye vyumba vya umeme inaweza kuwa na asbesto. Usiikwangue, usiikate, usiipulize vumbi lake. Betri zilizopasuka huacha asidi. Nyuki hupenda vyumba vya mtambo na nyoka hupenda chini ya bogi, basi gonga chuma kwa fimbo na usubiri kidogo kabla ya kuinama. Usipande juu ya paa. Usipite chini ya kapula (kiungo cha kuunganishia mabehewa) wala baina ya mabehewa hata kama yadi inaonekana imelala. Nendeni wawili, mmoja aandike na mwingine apige picha.

Vifaa

Simu nzuri inatosha. Ongeza haya:

- daftari la jalada gumu na penseli mbili za 2B (wino huyeyuka kwa jasho na manyunyu ya Tanga);
- tepu ya mita 5 na nyingine ya mita 30;
- tochi yenye mwanga mkali, na chaki nyeupe;
- brashi laini ya nailoni;
- karatasi nyembamba za A4, kama kumi, kwa kusugulia maandishi yaliyogongwa;
- rula ya mbao ya sentimita 50 iliyopakwa mistari ya nyeusi na nyeupe kila sentimita 10, iingie kwenye picha kama kipimo;
- viatu vigumu, glovu, barakoa, fulana ya kung'aa, helmeti, na maji.

Brashi ya waya iache nyumbani. Inang'oa rangi ambayo ni ushahidi, na inafuta namba zilizogongwa kijuujuu.

Uwanjani, kwa mpangilio

Kabla ya picha yoyote ya kichwa, piga picha ya skrini ya saa yenye tarehe sahihi. Kamera ya zamani ikiishiwa betri hurudisha tarehe mwanzo, na picha mia mbili zitasema zilipigwa mwaka ambao hujawahi kuishika hiyo kamera. Picha hiyo moja itakusaidia kusahihisha zote.

Halafu andika mahali. Simu itakupa nukta za ramani, lakini hukosea mita kadhaa, na njia mbili za yadi ziko mita nne au tano tu kutoka moja hadi nyingine. Simu haiwezi kukuambia kichwa kiko njia ya tatu au ya nne. Hesabu mwenyewe: "njia ya 4 kutoka jukwaa, kichwa cha 2 kutoka upande wa bandari, pua imeelekea Pongwe". Unaponakili nukta usiache alama ya kutoa kwenye latitudo. Tanga iko karibu na -5.07, 39.10. Ukiandika 5.07 bila alama hiyo, kichwa chako kitatua kusini mwa Ethiopia, na jedwali halitakupigia kelele.

Picha za nje ni nane: pande nne na pembe nne. Kwa picha ya ubavu, rudi nyuma hadi kichwa chote kiingie bila kutumia upana wa mwisho wa kamera, kwa sababu upana huo hupinda ncha na kufanya vipimo kutoka kwenye picha visiaminike. Piga upande wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Jua la saa sita mchana hapa pwani husimama utosini na kutia giza fremu na bogi zote, na huko ndiko namba ziliko. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko siku ya jua kali.

Baada ya hapo karibia. Bati la mtengenezaji lipigwe mara tatu: mbele moja kwa moja, kwa mwanga wa tochi kutoka kushoto, na kwa mwanga kutoka juu. Ukiangaza kwa ubapa, tarakimu zilizolika huinuka zenyewe. Zisiposomeka, paka ubavu wa chaki juu yake, piga picha, futa kwa kitambaa kikavu. Kwa namba zilizogongwa kwenye chuma, weka karatasi nyembamba na usugue kwa penseli. Zinazochanganywa zaidi ni 3 na 8, 6 na 0, 1 na 7. Tarakimu usiyo na hakika nayo weka alama ya kuuliza mahali pake, usikisie. Na pale bati lilipokwisha kung'olewa, piga picha ya matundu ya bolti na kivuli cha rangi kilichobaki, upime upana na urefu wake. Umbo la bati peke yake linaweza kutaja kiwanda.

Usiling'oe bati hata kama limebaki na nati moja. Ni mali ya umma, na likishatoka mwilini halithibitishi kitu tena.

Sasa jaza orodha ya viungo: pembe, taa, vioo, meza ya dereva, betri, mtambo, jenereta kuu, mota za kuvutia (idadi yake), radieta na feni, kompresa, kapula za mbele na nyuma, bogi. Kila kimoja kiwe na jibu moja kati ya matatu: *kipo*, *hakipo*, *hakikuonekana*. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Mlango wa chumba cha mtambo uliofungwa kwa kutu hauthibitishi kuwa ndani mna mtambo wala kuwa hamna. Orodha hii ikirudiwa kila baada ya miezi sita huonyesha uchomoaji ulivyokwenda. Kwa kawaida betri na vioo hutangulia, kisha nyaya na chochote chenye kopa, kisha mota, na mtambo mwishoni. Mpangilio ukiwa kinyume, yaani mtambo umetoka kwa kreni na nyaya bado zipo, hapo kuna karakana iliyochukua kipuri kwa utaratibu. Huo si wizi, na karatasi yake ipo mahali.

Kutambua mabaki

Mara nyingi utakuta pungufu ya kichwa kizima: bogi mbili zilizopinduka, fremu bila mwili, au mtambo juu ya magogo. Anza na ekseli, zihesabu. Kundi la 90 la EAR (baadaye 87) lilikuwa na ekseli nne kila bogi, na ya nje kabisa ilikuwa ya kubeba uzito tu, haina mota. Kundi la 88 la TRC, lililotoka Montreal, Kanada, na kundi la 73 lililotoka Varanasi, India, yana ekseli tatu kila bogi, zote zenye mota. Ukikuta bogi ya ekseli nne yenye magurudumu madogo upande mmoja, umeshapunguza uwezekano hadi familia ya English Electric kabla ya kusoma herufi hata moja.

Baina ya 88 na 73, tazama mtambo. Ni ndugu, yote ni ya ukoo wa Alco, mtengenezaji wa Marekani, na hapo ndipo watu huchanganya. Wa 88 una silinda 12 katika safu mbili zilizotanuka kama herufi V. Wa 73 una silinda 6 katika safu moja iliyosimama. Vichwa vya kusogezea mabehewa vinavyotumia haidroliki havina mota za kuvutia kabisa: tafuta shafti na gia badala ya nyaya nene.

Pima nafasi baina ya katikati ya ekseli moja na inayofuata, kwa milimita, mara mbili. Kipimo hiki hakibadiliki kwa kuchakaa. Kipenyo cha gurudumu hubadilika kwa kuwa gurudumu hulika na kuchongwa upya, basi kiandike lakini usikitegemee. Njia rahisi ni kupima kutoka juu ya reli hadi katikati ya ekseli, kisha uzidishe kwa mbili. Pima na geji (upana wa njia) pia, kutoka ndani ya gurudumu hadi ndani ya la pili na kutoka ndani ya reli hadi ndani ya reli. Njia kuu ni milimita 1,000. Ukipata karibu na 600, unatazama chombo cha shamba la mkonge, si cha TRC, na huo ni ukurasa mwingine. Mashamba ya Muheza, Korogwe na Ngomeni yalikuwa na reli zake ndogo, na karatasi zake zilifuata wenye mashamba hadi utaifishaji wa 1967 na mamlaka ya mkonge iliyofuata. Msivichanganye kwenye jedwali moja bila safu ya geji.

Mahali palipokatwa kichwa napo pana alama: udongo mweusi wa mafuta, matone ya chuma yaliyoganda, vipande vya vioo na insulesheni, mataruma yaliyoungua. Weka rula, piga picha. Alama hizo zinathibitisha kwamba kitu kilikatwa hapo. Hazisemi ni kipi, labda upate kipande chenye namba.

Wazee wa reli

Kota za reli na mitaa ya Ngamiani na Chumbageni bado ina madereva, mafundi, shunta na makarani waliostaafu. Nenda na mtu anayefahamika kwao. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, na kazi iende kwa mwendo wa mwenyeji. Hatulipi taarifa. Nauli na soda ni heshima, lakini pesa kwa kila namba inayotajwa huzalisha namba ambazo hazikuwepo.

Eleza unarekodi nini na itahifadhiwa wapi, upate ridhaa kwa sauti mwanzoni mwa rekodi na kwa saini mwishoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweza kukuhusu hata wewe usiye na ofisi. Mwambie anaweza kutajwa kwa cheo tu, mfano "fundi umeme, Tanga, miaka ya 1980".

Swali baya ni "Mzee, kile kichwa kilikwenda wapi?" Linaomba hitimisho, na atakupa. Uliza hivi: "Mara ya mwisho wewe mwenyewe kukiona kwa macho, kilikuwa njia gani? Kilikuwa na mtambo? Nani alikuwa formeni? Kilipoondoka kilivutwa na kichwa kipi, kuelekea upande gani?" Kisha: "Hilo la kukatwa uliliona au uliambiwa?" Swali hili la mwisho liulize kwa upole, bila kumfanya mzee aonekane mwongo.

Tarehe utazipata kwa matukio. Kuvunjika kwa Jumuiya ni 1977, vita vya Kagera ni 1978 na 1979, mvua za El Nino ni 1997 na 1998, enzi za RITES ni 2007 hadi karibu 2010. Andika maneno yake kwanza, kisha mwaka uliokadiria kwenye safu nyingine. Saa vilevile: "saa nne asubuhi" iandikwe hivyo, na kando yake 10:00, ili isigongane na saa za kwenye picha.

Rekodi sauti kwa WAV. Mono ya 48 kHz na biti 24 hula karibu megabaiti 520 kwa saa moja, basi hakikisha nafasi kwenye kadi kabla ya kukaa. Zima feni kama mwenyeji ataridhia. Feni ya mezani huharibu rekodi kuliko kelele za bodaboda barabarani.

Karatasi

Ushahidi wa maandishi uko sehemu nyingi zaidi ya watu wanavyodhani. Ndani ya shirika kuna kadi za matengenezo za kila kichwa, taarifa za kila siku za mahali vilipo, na majalada ya kufuta mali. Kumbuka kwamba kati ya 2007 na 2017 karatasi ziligawanyika baina ya TRL na RAHCO, hivyo jalada lisilopatikana upande mmoja huenda lilikuwa upande wa pili. Nje ya shirika: matangazo ya zabuni na minada ya vyuma chakavu magazetini, ripoti za kila mwaka za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu mashirika ya umma, na Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) za Bunge, ambamo maswali kuhusu vichwa vibovu huibuka na kujibiwa kwa idadi. Biashara ya chuma chakavu huhitaji kibali kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa hiyo hata mnunuzi ana karatasi yake. Kumbukumbu za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya zamani, na kwa mambo ya EAR usisahau Nairobi.

Tangazo la mnada lisome kwa uangalifu. Linasema kitu kilikusudiwa kuuzwa. Halisemi kiliuzwa, na kuuzwa si kukatwa. Kuna vyombo hutangazwa mara tatu na bado vipo.

Unapopiga picha karatasi, tumia mwanga wa dirishani bila flashi, piga na jalada lake la nje pamoja na namba ya faili, na ukurasa wa nyuma hata kama ni mtupu. Karatasi zilizoshikana kwa unyevu usizibandue kwa nguvu.

Picha za setilaiti za miaka iliyopita, zinazopatikana bure kwenye Google Earth, ni shahidi asiyechoka. Kichwa huonekana kama mstatili mdogo wenye kivuli. Hutatofautisha na behewa kwa urahisi, lakini kama tayari unajua kilikuwa njia gani, unaweza kuona picha ya mwisho ambamo kipo na ya kwanza ambamo hakipo. Andika tarehe zote mbili. Kilichotokea kimetokea baina yake.

Daftari kuu

Jedwali moja, mstari mmoja kwa kila *tukio la kuonekana*, si mstari mmoja kwa kila kichwa. Hili ni la msingi. Ukiwa na mstari mmoja kwa kichwa utakuwa unafuta cha jana kila unapoandika cha leo. Safu zinazotosha: namba ya mtengenezaji, namba ya ubavuni siku hiyo, namba za zamani, geji, tarehe, mahali kwa maneno, nukta za ramani, hali, viungo visivyopo, nani aliona, daraja la ushahidi, majina ya faili za picha, maelezo.

Hali ziwe chache na zenye mpaka: *kinafanya kazi*, *kimesimama kizima*, *kinachomolewa*, *fremu tu*, *kimekatwa*, *kimeuzwa*, *maonyesho*, *hakionekani*. "Kimekatwa" kitumike tu mtu alipoona kukata, au pakiwa na karatasi ya kukabidhi mabaki.

Daraja la ushahidi: A ni uliyeona mwenyewe na picha ipo, B ni karatasi rasmi, C ni watu wawili walioona kila mmoja kwa nafasi yake, D ni mtu mmoja, au habari ya kuambiwa. Wazee wawili waliosikia kwa mtu mmoja bado ni D. Usione haya kuwa na jedwali lililojaa D. Jedwali lililojaa A bila picha ndilo la kutilia shaka.

Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: mwaka-mwezi-siku_TNG_nambayakichwa_bati_01.jpg. Bila nafasi, bila alama za ajabu. Na picha zisipite WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hubanwa na kupoteza tarehe na mahali palipoandikwa ndani yake. Zitume kama dokumenti, au kwa kadi mkononi.

Kuhifadhi na kukabidhi

Nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya mji wako. Hewa ya chumvi ya Tanga hula diski na flashi, basi ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika. Kila mwaka fungua faili zote na unakili kwenye kifaa kipya. Jedwali lihifadhiwe kama CSV ya UTF-8, si kwenye programu inayolipiwa peke yake. Barua na karatasi ziwe PDF.

Nakala moja irudi TRC kama ulivyoahidi, nyingine ipelekwe makumbusho ya Urithi Tanga kwenye boma la Wajerumani, nyingine Kumbukumbu za Taifa. Ukiweka picha mtandaoni, taja leseni ya matumizi waziwazi, vinginevyo mwanahistoria wa kesho hatathubutu kuzitumia. Nukta kamili za ramani na picha za mabati ya shaba zishikilie hadi chombo kiwe kimeondoka au bati limehifadhiwa. Wapo wanaosoma kurasa kama hizi kwa sababu nyingine.

Kisha panga ziara inayofuata, miezi sita baadaye, njia ileile na pembe zilezile za picha. Kichwa kikiwa hakipo, piga picha ya njia tupu, andika tarehe, na kwenye safu ya hali weka *hakionekani*.